Mlango Usio na Tundu la Barua: Historia ya Anwani katika Pwani ya Waswahili

Utangulizi

Nyumba nyingi za Uingereza zina tundu jembamba katikati ya mlango wa mbele, lililofunikwa kwa kifuniko cha shaba au chuma. Mleta barua hufika, hukisukuma kifuniko, hutumbukiza barua, kisha huenda zake. Habishi hodi wala haitikiwi. Barua huanguka sakafuni na kumsubiri mwenye nyumba.

Kiswahili hakina jina moja lililotulia la tundu hilo. Wapo wanaosema 'tundu la barua', wapo wanaosema 'mwanya wa barua', na wapo wanaoliita 'sanduku la barua' ijapokuwa si sanduku. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu Kiswahili si maskini wa maneno yahusuyo mlango. Kinazo istilahi za kizingiti, mwimo, mfaa, bawaba, komeo na kitasa; kina daka la kupumzikia mbele ya mlango na baraza la kuketi kando yake. Wala si maskini wa maneno yahusuyo barua: waraka, hati, anwani, bahasha, tarishi. Yaliyokosekana ni maneno ya mahali ambapo vitu hivyo viwili, mlango na barua, vinakutana bila ya mtu kuwapo.

Jibu jepesi ni kusema kwamba tundu halikuletwa kwa kuwa posta ya kikoloni ilikuwa na fedha chache na wasomaji wa barua walikuwa wachache. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki anwani ilikuwa mtu kabla haijawa mahali, na kwamba hata posta ilipokuja na kanuni zake, ililazimika kujenga juu ya msingi huo. Anayezisoma barua za zamani za Waswahili bila ya kulijua hilo huipoteza nusu ya maana yake.

Jinsi tundu lilivyoingia mlangoni

Ni vyema kuanza kule tundu lilikotoka, kwa sababu hata huko halikuwapo tangu kale. Kabla ya mwaka 1840, kwa kawaida nauli ya barua nchini Uingereza ililipwa na mpokeaji, na ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Mleta barua alikuwa pia mkusanyaji wa fedha. Alilazimika kubisha, kungoja mlango ufunguliwe, kudai malipo, kurudisha chenji na mara nyingine kukataliwa. Mlango uliofungwa ulikuwa hasara kwake.

Mwaka 1837 Rowland Hill alichapisha kijitabu kilichopendekeza mageuzi ya posta. Alihoji kwamba gharama kubwa haikuwa katika kuisafirisha barua bali katika shughuli za kuipokea, kuiandika na kuidai. Alipendekeza nauli ndogo iliyo sawa kwa nchi nzima, ilipwe mapema na mtumaji. Katika hoja zake alitaja jambo ambalo wengi huliruka: ikiwa malipo yamekwisha kufanywa, mleta barua hana haja ya kungoja mlango ufunguliwe. Kila nyumba inaweza kuwa na sanduku au tundu. Naye atatumbukiza barua, atagonga, na ataendelea na njia yake. Nauli ya peni moja ilianza tarehe 10 Januari 1840, na stempu ya kwanza ya kubandikwa, iliyojulikana kama Penny Black, ilianza kutumika mwezi Mei mwaka huo huo.

Stempu na tundu ni ndugu wa tumbo moja. Stempu ilimwondoa mpokeaji katika malipo, na tundu likamwondoa katika makabidhiano. Hata hivyo watu hawakukimbilia kutoboa milango yao. Katika miaka ya 1840 idara ya posta ilibidi iwahimize wenye nyumba, na inasimuliwa katika historia ya posta kwamba Lodi Londonderry alihamaki kuona anatarajiwa aukate mlango wake wa mti wa mahogani kwa ajili ya barua. Marekani ilichelewa zaidi. Huduma ya kupeleka barua majumbani bila ya malipo ya ziada ilianza katika miji mikubwa mwaka 1863, na kwa miaka mingi wapeleka barua waligonga na kungoja. Ni mwaka 1923 ndipo ilipoamriwa kwamba kila nyumba iwe na sanduku au tundu, la sivyo isipelekewe barua.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, tundu ni zao la hesabu ya muda: mtumishi asiyengoja huhudumia nyumba nyingi zaidi. Pili, mlango ulitobolewa kwa shinikizo. Kwa hiyo si sahihi kulichukua tundu kuwa hatua ya kawaida ambayo kila jamii huifikia ikishaendelea, kisha kuwahesabu wasiolifikia kuwa wamebaki nyuma.

Mlango wa Mswahili na sauti ya hodi

Mlango wa nyumba ya mawe ya Unguja, Lamu au Mombasa umeelezwa sana kwa uzuri wa nakshi zake. Una vipande viwili vya mbao nene, aghalabu za msaji au za mfenesi, vinavyokutana kwenye mfaa, yaani ule mti wa katikati ulionakshiwa. Katika milango mingi ya Unguja mbao hizo zimepigwa misumari ya shaba yenye vichwa vilivyochomoza. Juu yake kuna kizingiti ambacho mara nyingi kina maandishi: jina la Mwenyezi Mungu, aya, au mwaka wa kujengwa nyumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Milango hiyo ni sehemu ya sifa zilizoitambulisha.

Si vigumu kuona kwamba fundi aliyetakiwa atoboe tundu katika mlango wa namna hiyo angekosa pa kuanzia. Katikati pana mfaa, na pembeni pana misumari na nakshi. Lakini kikwazo cha ufundi si kikwazo kikuu, maana hata mlango wa kawaida wa nyumba ya udongo na makuti, usio na nakshi yoyote, haukutobolewa. Kikwazo kikuu ni kazi ya mlango wenyewe.

Mlango wa Mswahili hufunguliwa kwa sauti kabla haujafunguliwa kwa mkono. Mgeni husimama nje, hupiga hodi, na hungoja 'karibu'. Asipojibiwa baada ya kurudia, huondoka. Adabu hii inaafikiana na mafundisho ya Kurani katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, inayowataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwaamkia wenyewe. Jamii iliyoukubali utaratibu huo ilikuwa imekwisha kutenganisha nje na ndani, na mpaka wenyewe uliwekwa kwa maneno ya watu wawili. Karatasi inayopenya mlangoni bila ya hodi haina nafasi katika mpango huo. Tena hapakuwa na haja yake, kwani nje ya mlango palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na watu. Aliyeleta barua hakukosa wa kumkabidhi.

Barua kabla ya posta

Waswahili waliandikiana barua karne nyingi kabla ya stempu. Miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi ya Kiswahili yaliyosalia ni barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kuhifadhiwa katika nyaraka za Wareno huko Goa. Karne ya 19 iliacha barua nyingi zaidi. Mwaka 1892 C. G. Büttner, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya hati ya Kiarabu, na mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha kufundishia usomaji wa hati hiyo.

Barua hizo zina mpangilio unaofahamika. Huanza kwa kumtaja anayeandikiwa: 'ila jenabi', kisha sifa za heshima, jina lake, jina la baba yake, na dua ya kutakiwa salama. Baada ya salamu huja 'ama baada', ndipo yafuate makusudio. Kinachokosekana ni mtaa na nyumba. Anwani ni jina, nasaba, cheo na mji. Mwandishi hakuhitaji zaidi ya hayo, kwa sababu hakuitupa barua katika chombo kisichomjua mtu. Aliitoa kwa nahodha, mfanyabiashara, jamaa au tarishi, ambaye ama alimjua mpokeaji au alijua pa kumuulizia.

Mfano ulio mashuhuri unaonyesha nguvu na udhaifu wa utaratibu huo. Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za David Livingstone uliotiwa tarehe ya 1 Novemba 1870. Wapagazi waliokuwa nao walikuwa wamekwama njiani, kwanza pwani, kisha Unyanyembe. Stanley aliuchukua na kumfikishia mwenyewe Ujiji, takribani mwaka mzima baada ya tarehe hiyo. Livingstone hakuwa na mlango wala mtaa. Jina lake lilitosha kuwa anwani katika nchi nzima iliyopitwa na misafara. Hata hivyo jina hilo halikuwa na miguu. Bila ya mtu wa kuubeba, mfuko ungebaki ulipo.

Posta na sanduku

Posta ilipoingia pwani iliingia kama huduma ya dola za kigeni. Posta ya India ilifunguliwa Unguja mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, na ikafunguliwa tena mwaka 1875. Wajerumani walianzisha wakala wa posta Lamu mwaka 1888; Wafaransa wakafungua ofisi yao Unguja mwaka 1889; na mwaka 1890 posta ya Kijerumani ikaanza kazi Dar es Salaam na Bagamoyo. Unguja ilianza kuwa na stempu zenye jina lake mwaka 1895. Mwaka 1933 huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na umoja huo ulidumu kwa sura mbalimbali hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilipovunjika mwaka 1977.

Stempu ilikuja, lakini tundu halikuja nayo. Kwa sehemu kubwa posta haikumfuata mpokeaji nyumbani; ilimtaka yeye aifuate. Chombo kilichotumika ni sanduku la kukodi katika jengo la posta, lenye namba na ufunguo. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa herufi tatu ambazo kila msomaji wa Kiswahili anazifahamu: S.L.P. Vitabu vingi vya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya TATAKI, vilibeba anwani ya S.L.P. 35110, Dar es Salaam. Aliyetaka kuipata Taasisi kwa barua hakuhitaji kujua imejengwa kilima gani.

Kwa mtazamo wa mtawala, sanduku lilikuwa njia ya kupunguza gharama. Kwa mtazamo wa watumiaji, likawa kitu kingine. Watu wengi hawakuwa na sanduku lao wenyewe. Walitumia la shule, la misheni, la kiwanda, la duka au la ndugu aliyeajiriwa. Chini ya jina la mwandikiwa liliandikwa jina la mwenye sanduku, na barua ikapita kwake. Kwa hiyo sanduku moja liliweza kuwa anwani ya ukoo mzima. Ule mkono wa tarishi ulioonekana kuondoshwa na posta ulirudi kwa mlango wa nyuma: posta iliifikisha barua mjini, na kutoka hapo ikaendelea kwa mwalimu, karani, dereva au mwanafunzi aliyekuwa anarudi kijijini.

Sanduku likawa pia sehemu ya utambulisho wa watu wasiopata kuonana. Wasikilizaji waliotuma kadi za salamu redioni walitajwa kwa majina na namba za masanduku yao. Kurasa za marafiki wa kalamu katika magazeti zilitoa jina, umri, S.L.P. na mambo anayoyapenda mtu. Hakuna aliyeuliza nyumba.

Ushahidi wa lugha

Historia hii imehifadhiwa katika maneno yenyewe. 'Anwani' imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa cha maandishi, na katika Kiswahili bado linatumika kwa maana mbili: jina la kitabu na maelekezo ya barua. Kwa asili, basi, anwani ni kile kinachoandikwa juu ya waraka kuutambulisha. Maana ya mahali pa kukaa imekuja baadaye. 'Tarishi', neno lenye jamaa yake katika Kiarabu cha Ghuba, lilimtaja mjumbe mwenyewe, mtu na siyo idara.

Vitenzi vinasema zaidi. Kiswahili humwingiza mwandikiwa ndani ya kitenzi: nimekuandikia, nimekupelekea, nimeletewa. Kauli ya kutendea humfanya mtu kuwa mwisho wa tendo. Mahali pakitajwa huwa ni nyongeza. Aidha, kitenzi 'kupokea' hutumika kwa barua kama kinavyotumika kwa mzigo: mwenyeji humpokea mgeni mzigo wake, yaani humtua. Mpokeaji wa barua ni yule anayekitwaa kitu kutoka kwa aliyekileta. Kwa maana hiyo kamili, barua iliyoangukia sakafuni haijapokewa, bali imeokotwa.

Ndiyo maana wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Methali hii hufasiriwa kuwa sifa ya maandishi: maneno ya barua humleta karibu aliye mbali. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haikamiliki pasipo kumkumbuka mleta barua. Aliyeleta waraka alimwona mwandishi kwa macho yake au alitoka kwa aliyemwona. Aliulizwa: umemwachaje? Anaendeleaje? Majibu yake hayakuandikwa popote, lakini yalikuwa sehemu ya barua. Mwanahistoria anayeisoma karatasi peke yake anasoma upande mmoja wa mazungumzo yaliyokuwa na pande mbili.

Gharama ya mkono

Isidhaniwe kwamba utaratibu wa mkono haukuwa na madhara. Tundu la mlangoni lina fadhila moja kubwa: halisomi. Mkono unaweza kuchelewesha, kupoteza, kufungua na kusimulia. Asiyejua kusoma alimhitaji msomaji, na siri yake ikawa ya watu wawili. Mwanafunzi wa bweni aliyeandikiwa kwa sanduku la shule alijua kwamba barua yake huenda ikafunguliwa na mwalimu kabla haijamfikia. Mke aliyetegemea sanduku la mumewe hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuandikiwa na wazazi. Aliyeshika ufunguo alishika mamlaka, na mara nyingi mamlaka hayo yalifuata umri, jinsia na ajira.

Kulikuwa pia na gharama ya kiraia. Dola na mashirika ya fedha humtaka mtu aonyeshe anakokaa. Asiye na sanduku, na ambaye nyumba yake haina namba wala mtaa wake jina lililosajiliwa, hujieleza kwa maneno: nyuma ya msikiti, karibu na mwembe, kwa mzee fulani. Maelezo hayo humtosha jirani, lakini hayaingii katika fomu, wala hayamsaidii dereva wa gari la wagonjwa usiku. Kwa hiyo si haki kuusifu utaratibu wa zamani kana kwamba wote walioishi ndani yake waliuchagua.

Hitimisho

Mwaka 2022 Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyokusudia kuipa kila barabara jina na kila nyumba namba, sambamba na postikodi. Vibao vilisimikwa, na milango mingi ikapata namba kwa mara ya kwanza. Neno 'anwani' limehitaji nyongeza ya 'makazi' ili lieleweke kwa maana hii mpya, na nyongeza hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba bila yake anwani haikuwa lazima iwe ya nyumba.

Lakini namba hizo zimefika wakati barua za kirafiki zimepungua sana. Habari zinakwenda kwa simu, na namba ya simu, kama jina la zamani juu ya waraka, humfuata mtu popote aendapo. Vifurushi husafiri kwa mabasi: mtumaji huandika juu yake jina na namba ya simu ya mpokeaji, humkabidhi mhusika wa basi, kisha humpigia ndugu yake kumwambia basi litafika saa ngapi. Humo hamna mtaa wala namba ya nyumba. Nahodha wa jahazi la Kilwa angeuelewa utaratibu huo bila ya kufafanuliwa.

Mambo mawili yanafuata kwa wanafunzi wa Kiswahili. La kwanza ni la mbinu: barua za kale zisomwe pamoja na migongo yake, salamu zake na majina ya waliozibeba pale yalipotajwa, na wahariri wasiyaache hayo kwa kudhani ni mapambo. La pili ni la istilahi. Siku ikibidi Kiswahili kilitaje lile tundu la mlangoni, kazi ya kulipa jina haitakuwa ngumu. Lugha imetaja makubwa kuliko hilo. Litakalohitaji kufikiriwa ni kitenzi cha kuambatana nalo, kwa kuwa 'kupokea' kimezoea kuwa na mikono miwili.